Mgongo Haununuliwi Sokoni

Sisi wenyeji wa Lubumbashi twayajua malori yatokayo Kasumbalesa, yamejaa magunia ya unga. Bukari yetu ya jioni hupita kwanza mabegani mwa watu. Nasi tulikuwa miongoni mwao, wachukuzi wa depo, tukilipwa kwa siku.

Mfuko wa saruji una kilo 50. Sisi vijana tulishindana kubeba miwili. Siku moja mwenzetu wa makamo alituambia, “Wadogo zangu, nishikieni upande huu.” Tukamcheka, tukamwita kizee. Akaona haya, akainua peke yake, akageuka na mzigo mikononi, mara akapiga ukelele. Mguu wake wa kushoto ukafa ganzi. Kesho yake mwenye depo aliita mtu mwingine mlangoni. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2016 yamhesabia mfanyakazi haki akiumia kazini. Lakini jina la mwenzetu halikuandikwa popote, akabaki nyumbani mikono mitupu.

Kosa la tajiri twalijua. Na letu pia twalijua.

Baadaye mganga alitueleza. Kati ya pingili za uti wa mgongo mna visahani laini kama mpira. Mtu akiinama na kujipinda, mzigo ukiwa mbali na mwili, visahani hubanwa mno. Kimoja kikitokeza, chaweza kukandamiza mshipa wa fahamu, na maumivu hushuka mguuni. Tena mwaka 1967 Shirika la Kazi la Kimataifa lilishauri mwanamume asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Nasi tulijivunia 100!

Basi, yafaa tufanyeje? Tukunje magoti, tushike mzigo karibu na kifua, tugeuze miguu, si kiuno. Mzigo mzito ubebwe na wawili, au kwa rukwama. Mgongo ukiuma, tusilale majuma mazima, bali tutembee polepole. Lakini miguu ikilegea au mkojo ukizuilika, twende hospitali siku ile ile.

Tukimtembelea mwenzetu, hutukaribisha kwa furaha, wala hakitaji kicheko chetu. Sisi ndio tusioweza kukisahau.

Ndugu kijana, mkubwa wako akikuomba umshikie upande mmoja, usimwulize umri wake. Shika.