Waipa ya nyuma

Mwenzenu nilikuwa Mgololo, kule Mufindi, penye kile kiwanda cha karatasi kilichoanza miaka ya 1980 kwa jina la Southern Paper Mills. Habari iliyonipeleka mtaisoma gazetini. Hapa nataka niwasimulie habari ya waipa.

Gari ni la mjomba, la Kijapani, lile la milango mitano. Waipa ya nyuma ilishakufa siku nyingi, nami sikujali. Nilipofika Mafinga, kabla ya kuingia barabara ya vumbi, nikamwonyesha fundi. Akabonyeza swichi mara moja, akasikiliza. "Dada, mota imeungua." Hakufungua kitu. Nikatoa elfu sitini, akanifungia mota ya mtumba. Kimya! Eti na hiyo mbovu, nirudi kesho. Nikaitupa mota ya zamani kwenye buti, nikaondoka nimenuna.

Mnaoijua Mufindi ya mwezi Machi mnajua: mvua, ukungu, tope, na malori ya magogo. Kwenye kona moja nyembamba nikakutana na lori limesheheni. Mdogo ndiye anayerudi nyuma, basi nikaweka rivasi. Kioo cha nyuma tope tupu. Nikarudi kwa kubahatisha.

Mama mmoja akapiga yowe. Nikakanyaga breki. Nyuma ya gari, hatua mbili tu, alisimama mtoto wa shule amekumbatia madaftari yake.

Jamani, nilitetemeka. Yule mama wala hakunitukana. Alisema tu, "Mwanangu, shuka uangalie kwanza."

Mgololo nikampata fundi mwingine, kijana mdogo kabisa. Huyu alianza na maswali. "Dada, taa ya namba inawaka? Na ile ya breki ya juu?" Hata sikujua. Tukaangalia: zote zimekufa.

Akacheka. "Mota na taa mbili, vyote vife pamoja? Hapana. Kuna mahali vinakutana."

Fyuzi nzima. Taa ya kupimia, kwenye fyuzi inawaka, kwenye plagi ya mota haiwaki. Akavuta umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, akajaribu mota zote mbili, ya zamani na ya mtumba. Zote zikazunguka! Elfu sitini yangu ndiyo hiyo.

Kisha akauchomoa ule mpira ulio juu, kati ya bodi na mlango wa nyuma. Nyaya zote za mlango hupita humo. Tatu zilikuwa zimekatika, shaba imegeuka kijani. Kila ukifungua mlango na kuufunga zinakunjwa palepale, mwaka baada ya mwaka. Akaunga kwa vipande virefu kidogo zisivutwe, akafunika kila kiungio. Buku tano. Waipa ikapangusa tope, nikaiona barabara niliyotoka.

Usiku ule nikafungua notibuku yangu. Habari yangu nzima ilikuwa imesimama kwa mtu mmoja tu, aliyeongea kwa uhakika kama fundi wangu wa kwanza. Nami nilimwamini, kwa sababu nilikuwa na haraka. Asubuhi nikarudi kuuliza wengine watatu. Habari ikabadilika.

Basi wadau, waipa ya nyuma ikigoma, kabla hujanunua mota angalia taa ya namba. Na ukiwa huoni nyuma, shuka uangalie kwanza. Yule mtoto bado namwona.

Tuko pamoja.