Emahoy na Mlango Uliofungwa

Wapo Wakristo wanaoamini kwamba kila mlango uliofungwa umefungwa na Mungu. Nimesikia hayo yakisemwa msibani, yakisemwa kwa binti aliyekosa ada, yakisemwa kwa mama aliyekatazwa na mumewe kwenda mazoezi ya kwaya. Mimi ni mchungaji, na ninajua kwa nini tunasema hivyo: ni vigumu kukaa kimya mbele ya mtu anayelia. Lakini tangu niyafahamu maisha ya mtawa mmoja wa Ethiopia, mpiga piano na mtunzi wa muziki, maneno hayo yamekuwa mazito kinywani mwangu.

Alizaliwa Addis Ababa tarehe 12 Desemba 1923, akaitwa Yewubdar Gebru. Baba yake, Gebru Desta, alikuwa msomi na mtu mkubwa serikalini, aliyewahi kuwa meya wa Gondar. Binti alipofikisha miaka sita alipelekwa Uswisi pamoja na dada yake Senedu kusoma shule ya bweni, na huko akajifunza fidla na piano. (Senedu huyo ndiye aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika bunge la Ethiopia. Nyumba ile ilikuwa na mabinti!) Akarudi nyumbani, na haukupita muda mrefu Waitalia wakaivamia nchi. Mwaka 1937 familia ikachukuliwa mateka hadi kisiwa cha Asinara, kisha Mercogliano, karibu na Naples. Ndugu zake watatu waliuawa katika vita ile.

Baada ya hapo alikwenda Cairo kujifunza kwa mwalimu wa Kipolandi, Alexander Kontorowicz. Alikuwa akifanya mazoezi saa tisa kwa siku: nne za fidla, tano za piano. Walimu wa kwaya wanaosoma hapa, ambao waimbaji wao huanza kutazama simu baada ya dakika arobaini, watanielewa nikisema huo ulikuwa wito.

Kisha ikaja nafasi ya kusoma London, kwenye chuo cha muziki cha Royal Academy. Kibali cha kwenda kikakataliwa na wakubwa wa nchi yake mwenyewe. Binti yule aliacha kula mpaka akalazwa hospitali, na alipodhani anakufa akaomba Ushirika Mtakatifu. Aliponyanyuka kitandani hakurudi kwenye fidla. Alipanda mlima wa Gishen Mariam huko Wollo, kwenye monasteri ambayo Waethiopia wanaamini imehifadhi kipande cha msalaba wa Bwana. Akiwa na miaka 21 akawa mtawa na kupewa jina la Tsegué-Maryam. Emahoy, ambalo ndilo watu wengi wanamwita, ni jina la heshima la watawa wanawake. Alikaa mlimani miaka kumi, akilala kwenye kibanda cha udongo, akitembea pekupeku. Muziki aliuweka kando.

Hapo Mlutheri huanza kukuna kichwa. Chuoni tulifundishwa Ungamo la Augsburg, na kifungu cha 27 kinazungumza waziwazi juu ya nadhiri za watawa: mtu hajipatii haki mbele za Mungu kwa kujifungia. Luther mwenyewe aliingia monasterini mwaka 1505, naye akiwa na miaka 21, baada ya kutishwa na radi njiani. Mmoja alisukumwa na radi, mwingine na barua ya kukataliwa. Luther alitoka, akaoa, akatunga nyimbo, akatufundisha kwamba mama anayeosha mtoto na fundi anayeranda mbao wana wito mtakatifu sawa na padri. Ningetamani mtu angemwambia binti yule maneno hayo pale hospitalini: piano yako ni wito, na aliyekunyima kibali hakuwa Mungu.

Maana hakuwa Mungu. Ilikuwa ofisi, na ofisini kulikuwa na mtu. Nayasema haya kwa sababu tukimbebesha Mungu kila kibali kinachonyimwa, wenye mihuri wanalala usingizi mzuri, na anayelia anabaki na Mungu asiyempenda. Yusufu aliwaambia ndugu zake kwamba Mungu alikusudia mema, lakini hakuacha kuwaambia kwamba wao walikusudia mabaya. Sisi tunahubiri nusu moja tu ya mstari ule.

Miguu ilipouma, Emahoy alishuka mlimani, akarudi kwa mama yake na kwa piano. Katika miaka ya 1960 alikuwa Gondar akijifunza muziki wa kanisa unaotoka kwa Mtakatifu Yaredi wa karne ya sita. Huko aliwaona vijana wanaosomea nyimbo za ibada wakilala nje na kuomba chakula mlango kwa mlango. Hakuwa na fedha ya kuwapa. Alikuwa na vidole. Mwaka 1967 sahani yake ya kwanza ya santuri ilitoka Ujerumani, na mapato yake yakaenda kwa wahitaji.

Muziki wenyewe ni piano peke yake, bila ngoma wala waimbaji. Unatembea kwenye sauti tano, kama nyimbo nyingi za jadi tulizokua nazo, ila mkono wa kushoto unakumbuka Uswisi. Hauna haraka. Unasita, unakimbia kidogo, unasimama kama mtu anayetafuta neno katika sala. Kipande chake kimoja kinachojulikana zaidi kina jina lenye maana ya mtu asiye na makao anayetangatanga. Mwaka 1984, baada ya mama yake kufariki na wakati Ethiopia ikiwa chini ya utawala wa kijeshi wa Derg, alihamia Yerusalemu, kwenye monasteri ya Waethiopia. Alikaa chumba kidogo na piano yake karibu miaka arobaini. Mwaka 2006 muziki wake ulitolewa upya Ufaransa, na dunia ikashtuka. Alikuwa na miaka 82. Nota zake zilichapwa kitabu mwaka 2013, akielekea miaka 90. Alifariki tarehe 26 Machi 2023.

Kwetu Katavi kutangatanga tunakujua. Makazi ya Katumba yalianza miaka ya 1970 kupokea watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, na Mishamo yakafuata. Shirika la TCRS, lililotokana na Fungamano la Kilutheri Duniani, lilifanya kazi huko miaka mingi. Wengi wa watu wale leo ni Watanzania kwa karatasi na kwa kuzaliwa. Nyimbo walizokuja nazo, na walizotunga chini ya miombo wakati wa kufyeka, zimesambaa katika kwaya zetu za madhehebu yote. Nani alizitunga? Ukiuliza utaambiwa jina la kwaya, au jina la mwalimu wa kwaya, ambaye mara nyingi ni mwanaume. Ukichimba zaidi utaambiwa, "Ah, huo alikuja nao mama fulani, alianza kuuimba shambani, sisi tukaupanga sauti." Kila Pasaka tunaimba Mfurahini Haleluya, na namshukuru Mungu kwamba jina la mtunzi wake, Mchungaji Bernard Kyamanywa, linachapwa hata katika vitabu vya nyimbo vya Ulaya na Marekani. Mama fulani hachapwi popote. Kwake hakuna afisa aliyenyima kibali. Ni sisi tu, hatukuuliza.

Mmoja wao ni bibi wa Katumba ambaye humtembelea mwanawe hapa Mpanda. Nilimwekea Emahoy kwenye simu, tumekaa barazani, nikamweleza kwa kifupi habari za Asinara, mlima na Yerusalemu. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, vidole vikigonga goti, lakini si kwa kufuata mapigo, kwa sababu mapigo yenyewe hayafuatiki.

"Huyu mama alirudi kwao?" akauliza.

Nikamwambia hapana, bibi, alifia kule kule Yerusalemu.

Akanyamaza kidogo. "Basi nirudishie pale mwanzo," akasema, "pale anapokuwa kama anapiga hodi."