Wageni wa Mazimbu, Wana wa Uluguru

Morogoro ni mji ulioanzishwa na mgeni. Kabla Wajerumani hawajafika, Kisabengo, Mzigua aliyehama kwao, alijenga boma lake chini ya milima ya Uluguru na kuwapokea humo watumwa waliotoroka na wengine waliokosa pa kukaa. Binti yake, Simbamwene, alirithi utawala. Stanley alipopita mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone, alikuta mji mkubwa wenye ukuta wa mawe. Reli ilipofika kutoka Dar es Salaam mwaka 1907, mashamba ya mkonge yakaenea bondeni, wakaja Wahindi wa maduka, Wagiriki wa mashamba, na manamba, vibarua wa mkonge, kutoka kila upande. Mimi ni mjukuu wa mmoja wa manamba hao. Ninataka kusimulia jinsi namna yetu ya kumpokea mgeni ilivyobadilika, kadiri nilivyoiona ndani ya familia moja.

Babu alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Alikata mkonge kwenye shamba la Tungi, akapewa kipande, kadi iliyopigwa alama kwa kila siku ya kazi. Bibi alikuwa Mluguru wa Kinole, akishuka mjini kuuza ndizi. Babu alipotaka kumwoa, wajomba wa bibi walikaa kikao. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi ni mali ya ukoo, kwa hiyo mwanamume anayeoa mlimani anaingia kwa watu, hawachukui watu. Babu alipewa mahali pa kulima kwa kutoa ngoto, kitu kidogo cha kila mwaka, kuku au mahindi, ili isisahaulike ardhi ni ya nani. Aliruhusiwa kulima mahindi na mihogo. Alikatazwa kupanda mwembe, mfenesi au mti wowote wa kudumu, kwa sababu mti ni ushahidi wa mwenye shamba.

Masharti hayo yalikuwa magumu, na babu aliyafuata hadi kufa kwake. Lakini watoto wake, tangu siku waliyozaliwa, walikuwa watu wa ukoo kamili. Hakuna aliyewauliza baba yao alitoka wapi. Mama yangu alipanda miti palepale babu alipokatazwa, na miembe hiyo tunaila mpaka leo. Wazee wa Kinole walikuwa wameweka mambo mawili pamoja: mgeni alijua wazi anachotakiwa kufanya, na alijua wazi watoto wake watakuwa nani. Tangu niwe mtu mzima, kila ninaposikia mjadala wa wageni na umoja wa taifa, kipimo changu ni hicho.

Mimi nilikua wakati wa Mazimbu. Jina la ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, lilikuwa limeshazoeleka mjini, maana mkutano wao mkubwa wa mwaka 1969, chini ya Oliver Tambo, ulifanyika hapahapa Morogoro. Baada ya vijana wa Soweto kupigwa risasi Juni 1976, maelfu walikimbia Afrika Kusini, wengi wakiwa bado wa umri wa shule. Serikali ya Tanzania ikawapa ANC shamba la mkonge lililokuwa limeachwa, Mazimbu, nje kidogo ya mji. Wazee wa Morogoro bado wanamtaja Anna Abdallah, mkuu wa mkoa wa wakati ule, kwa namna alivyolisimamia jambo hilo. Shule iliyojengwa pale ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979.

Baba alikuwa mwashi, akapata kazi Mazimbu. Likizo zilipofika nilimfuata kubeba maji ya kuchanganyia zege. Nilimwona kijana wa Soweto akishika mwiko kwa mara ya kwanza, baba akimpa timazi na kumwonyesha kwa kidole: uzi ukitulia ndipo uweke tofali. Kijana hakujua Kiswahili na baba hakujua Kizulu, na Kiingereza cha wote wawili kilikuwa cha kuombea maji. Maneno ya kwanza aliyojifunza kijana yalikuwa ya kazi: lete, weka, bado, sawa. Mchana walikaa kivulini, ugali ukaletwa, na kwenye sinia moja akajifunza yaliyobaki: karibu, nimeshiba, asante, pole kwa kazi. Kabla jengo halijaezekwa alikuwa anabishana na mafundi kuhusu Yanga na Simba.

Wanafunzi waliokaa mabwenini walikuwa na hali nyingine. Walisoma kwa Kiingereza, walikula kwao, walitibiwa kwao, na wengi waliondoka wakijua salamu tu. Nilijifunza pale, kabla sijajua kulisema, kwamba kukaa jirani hakutoshi. Watu huzoeana pale mmoja anapomhitaji mwenzake ili kazi iende. Hospitali ya Mazimbu ilipofunguliwa mwaka 1984, wenyeji nao wakatibiwa pale, na hapo Mazimbu ikaanza kuitwa yetu na watu ambao hawakuwahi kukanyaga darasa lake.

Katika miaka hiyo mama mdogo alichumbiwa na mmoja wa vijana wa Mazimbu. Kikao kikaitishwa. Mjomba aliuliza maswali aliyopaswa kuuliza: watu wako ni akina nani, nani atakusemea ukikosea, unafanya kazi gani. Kijana hakuwa na baba wala mjomba wa kumleta, kwao kulikuwa mbali na kurudi kulikuwa kifo. Mazimbu wakatuma wazee wawili wa ANC wakae badala ya ukoo wake. Mjomba akawapokea kama wakwe, mahari ikapangwa, na mtoto alipozaliwa akawa wa ukoo wetu, kama mama yangu alivyokuwa. Ndoa za namna hiyo zilikuwa nyingi Mazimbu na Dakawa, kambi nyingine ya ANC. Zilifunga mji na kambi kuliko hotuba yoyote ya jukwaani.

Sitaki kuipamba miaka ile. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa na njaa ya vitu. Sabuni, sukari na mafuta vilipangiwa foleni, ilhali Mazimbu ilipokea nguo na vyakula vya msaada kutoka Ulaya. Manung'uniko yalikuwepo, na hayakuwa ya wivu mtupu. Mama aliyekesha kwenye foleni ya sukari alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini jirani yake mgeni analala. Viongozi walilijibu swali hilo hadharani, kwenye mikutano ya mitaa na shuleni kwetu. Tulifundishwa makaburu ni nani, kwa nini Msumbiji na Angola zinashambuliwa, na kwa nini uhuru wetu wa 1961 haukukamilika wakati wenzetu wamefungwa. Tulivumilia tukijua sababu.

Kisha likaja jaribio lililotupima kweli. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Sokoine, akirudi Dar es Salaam kutoka Dodoma, alifariki katika ajali ya gari Dakawa. Gari lililogongana na msafara wake liliendeshwa na kijana wa ANC. Nawakumbuka watu wazima wakilia barabarani, na redio ikipiga nyimbo za maombolezo. Sokoine alikuwa kipenzi cha wanyonge, mtu aliyewaandama walanguzi, na sisi wa Morogoro tulihisi amefia mikononi mwetu. Jioni ile nyumbani kwetu hakuna aliyezungumza kwa sauti, kwa sababu mama mdogo alikuwa amekaa na mtoto wake mgongoni.

Mjini kulikuwa na hasira na uvumi wa kila namna. Lakini aliyefikishwa mahakamani alikuwa dereva, kwa kosa lake. Mazimbu haikufungwa, Dakawa haikuvunjwa, wanafunzi hawakufukuzwa nchini. Baba alirudi kazini, akawakuta vijana wa Soweto wamesimama kando, wakiogopa kumsogelea. Akawapa mkono mmoja mmoja na kuwaambia, "Poleni, wanangu. Msiba ni wetu sote." Nimesoma mengi baadaye kuhusu tunu za taifa letu, utu na usawa mbele ya sheria. Mimi niliziona wiki ile: kosa la mtu mmoja lilibaki kuwa la mtu mmoja.

Februari 1990 ANC ikaondolewa marufuku kwao, na Julai 1992 ikaikabidhi Mazimbu kwa serikali ya Tanzania. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na ina jina la Solomon Mahlangu. Majina hayo mawili, la waziri mkuu wetu na la kijana wao, yamekaa kwenye chuo kimoja, na wanafunzi kutoka Kagera hadi Mtwara wanayatamka bila kuona ajabu yoyote. Mume wa mama mdogo, baba wa binamu yangu, aliondoka na wenzake. Mama mdogo alibaki.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya hapo, na yalikuwa na chanzo. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Ngara na Kigoma zikabeba mzigo ambao wafadhili waliuona kwenye picha, wenyeji wakauona kwenye misitu iliyokatwa na visima vilivyokauka. Nchi iliyowapa ardhi wakimbizi wa Burundi wa 1972 ikaanza kuwaweka wageni kambini. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ikachukua nafasi ya ile ya 1965. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga, msako wa wahamiaji wasio na vibali, kwenye mikoa ya magharibi, na miongoni mwa walioondolewa walikuwemo watu walioishi nchini kwa miongo mingi. Siilaumu nchi kwa kutaka kujua nani anaingia. Hata wajomba wa Kinole walitaka kujua.

Kilichonisumbua ni swali lenyewe lilivyogeuka. Katika ofisi moja ya umma nilipeleka fomu zangu, afisa akaniuliza, kwa adabu, babu mzaa mama alizaliwa wapi na cheti kiko wapi. Karatasi pekee aliyoiacha babu ni kipande chake cha mkonge, kilichochakaa kwenye mikunjo, chenye alama za siku alizofanya kazi. Hakikusema alizaliwa wapi. Kilisema alifanya nini hapa. Afisa alikitazama kwa muda, akanirudishia, akaniambia nitafute ushahidi mwingine. Wazee wa ukoo walishuka kutoka Kinole kuniapia, na jambo likaisha. Lakini wako wasio na wazee wa kushuka.

Sheria ya Uraia ya 1995 ilimpa mke mgeni wa Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa. Mume mgeni wa mwanamke Mtanzania haikumpa. Jirani yetu wa Kihonda, fundi magari kutoka Malawi, ameoa Mluguru, amesomesha watoto hapa, amechangia madawati ya shule ya kata, na bado anahesabu miezi ya kibali chake. Mlimani, mwanamke ndiye mlango wa ukoo. Kwenye sheria ya nchi, mlango huohuo umefungwa. Binamu yangu naye, alipofika utu uzima, alilazimika kuchagua uraia mmoja. Akamfuata baba yake Johannesburg. Mei 2008, watu zaidi ya 60 walipouawa kule katika mashambulizi dhidi ya wageni, alijifungia chumbani kwa sababu lafudhi yake ni ya Morogoro. Nchi ambayo watoto wake tuliwalisha ilimwita mgeni. Mama mdogo alikaa na simu mkononi usiku mzima.

Na nyumbani tumeanza kusahau somo la msiba wa 1984. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, Kilosa, ugomvi wa malisho na mashamba uliua watu 38. Wote walikuwa Watanzania. Tangu hapo nimesikia mara nyingi mno kosa la mchungaji mmoja likitajwa kama kosa la kabila lake, na la mkulima mmoja kama la kijiji chake. Tukizoea kuhesabu hivyo baina yetu wenyewe, mgeni hana pa kusimama.

Najua tunaweza kufanya vizuri zaidi kwa sababu tumefanya. Wakimbizi wa Burundi wa 1972 na watoto wao, zaidi ya 160,000, walikubaliwa kuwa raia, na mwaka 2014 wakaanza kupewa vyeti. Serikali ilitaka kwanza kuwatawanya mikoani ili wachanganyike na wengine, kisha ikaliacha wazo hilo na kuwaruhusu wabaki walipokuwa wamelima na kuzika. Ulikuwa uamuzi wa busara. Walikuwa wameshachanganyika kwa shule, kwa soko na kwa Kiswahili.

Ninachokiomba hakihitaji kufungua mipaka ovyo. Mgeni aambiwe masharti yetu bila kuficha: ajifunze Kiswahili, afuate sheria, alipe kodi, afanye kazi inayomkutanisha na wenyeji, asijitenge. Wenyeji waelezwe kwa nini amepokewa na gharama yake ni ipi, kama tulivyoelezwa sisi. Akikosea, ashtakiwe yeye. Bunge limpe mwanamke wa Kitanzania haki ileile aliyo nayo mwanamume, mume wake mgeni aombe uraia kwa ndoa. Na anayetimiza masharti ajue siku ambayo atakuwa mwenzetu, iandikwe kwenye sheria, isitegemee huruma ya afisa. Masharti bila njia huzaa watu wanaoishi kwa kujificha. Njia bila masharti huzaa wenyeji wenye kinyongo. Wazee wasiojua kusoma waliviweka vyote viwili pamoja kule Kinole, na sisi tuliosoma hatuna udhuru wa kushindwa.