Gorogoro na x

Njoro, Jumatatu, 14 Aprili 2025
Ng'ombe wangu Malaika, lita 6 asubuhi. Majuzi tu alikuwa 8. Dairy meal imepanda tena, sinunui. Nimetoka Nakuru mjini na pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, nitachanganya mwenyewe. Kwa kipimo gani? Jirani anasema nusu kwa nusu. Kwake kila kitu ni nusu kwa nusu.

Jumanne, 15
Binti amecheka hadi chai ikamwagika. Akaandika nyuma ya risiti ya maziwa: mashudu protini asilimia 30 (muuzaji kaapa, ingawa yenye maganda mengi hushuka), pumba 10, tunataka 16, gunia la kilo 70. Mashudu ni x. Basi pumba ni 70 toa x. Hapo nikaduwaa. Kumbe pumba hazihitaji herufi yao, zinachukua kilichobaki!

30x + 10(70 − x) = 16 × 70
20x = 420
x = 21

Kilo 21 mashudu, 49 pumba. "Mama, nusu kwa nusu ingetoka 20. Unamwaga pesa." Na mashudu ndiyo ghali. Enzi zetu mwalimu alichanganya chumvi na maji ubaoni, mwaka mzima. Angetuletea ng'ombe ningeelewa.

Ijumaa Kuu, 18
Mvua, baridi ya Mau. Nilipima vizuri: gorogoro 10 na nusu za mashudu, 24 na nusu za pumba. Mkebe wa gorogoro ni kilo mbili, si ndiyo? Gunia halikujaa uzito lakini nikapuuza. Malaika 5 na nusu. Nimemlaumu mtoto kimoyomoyo. Hesabu za shule hizi!

Jumamosi, 19
Aibu. Gorogoro ni kilo mbili za *mahindi*. Nimeazima mizani ya muuza waru: gorogoro ya pumba haikufika hata kilo. Na kulisha pia nilikuwa nalisha kwa gorogoro. Maskini Malaika, nilidhani ameshiba kilo sita, kumbe nusu yake haikufika. Hesabu ya mtoto haikuwa na kosa. Sijamwambia.

Jumatano, 23
Tangu Jumapili ni mizani tu, naongeza kidogo kidogo asije akaharisha. Leo 7 na nusu!

Jumapili, 27
Kesho shule zinafunguliwa. Nimekuta karatasi mlangoni pa stoo, mwandiko wake: "x ni kilo, si gorogoro."

Alijua.