Kabla ya kwenda mtoni: kiangazi cha uvuvi Tabora

Mvua ikishakatika Tabora, kwa kawaida kati ya mwisho wa Aprili na Mei, nyasi huanza kukauka, njia za vumbi hupitika tena na mito hupungua siku hadi siku. Mpunga umeshavunwa. Huo ndio wakati ambao akina baba, wajomba na babu hukumbuka ndoano zilizochomekwa ukutani tangu mwaka uliopita. Likizo ya Juni nayo huwa imekaribia, na watoto wa kiume kwa wa kike huanza kuuliza: safari hii nani atakwenda mtoni?

Wavuvi wa Scotland na Canada husubiri majira ya vuli, samoni wanapopanda mito kutoka baharini kwenda kutaga mayai. Tabora iko mbali na bahari na samoni hawafiki. Msimu wake ni kiangazi, na samaki wake ni kambale na perege wanaobaki kwenye madimbwi ya mito inayokatika. Lakini kazi ya kujiandaa ni ile ile kila mahali, na kwa mzazi anayekwenda na mtoto, maandalizi ndiyo yanayoamua kama safari itakuwa kumbukumbu nzuri au msiba.

Mto unaokatika

Mto mkubwa katika hadithi za uvuvi za huku ni Ugalla. Hukusanya maji ya mito ya kusini na magharibi mwa Tabora, ukiwemo Wala, ukayapeleka hadi Malagarasi na mwishowe Ziwa Tanganyika. Masika hufurika na kutapakaa mbugani. Kiangazi kikikolea huacha kutiririka sehemu nyingi, ukabaki mfululizo wa madimbwi marefu yaliyozungukwa na miombo. Samaki waliotawanyika mbugani hujikusanya humo. Viboko na mamba nao hujikusanya humo humo, kwa kuwa hawana pengine pa kwenda.

Kwa miaka mingi wakazi wa Urambo, Kaliua na Sikonge waliingia kwa kibali katika Pori la Akiba la Ugalla wakati wa kiangazi, wengine kuvua, wengine kurina asali. Walijenga dago kando ya mto, wakakaa wiki kadhaa, wakarudi na mizigo ya kambale waliokaushwa kwa moshi. Wazee wengi wa leo walijifunza kazi humo wakiwa vijana, na hadi sasa wanayataja madimbwi kwa majina kama mtu anavyotaja mitaa ya mjini.

Mwaka 2019 eneo hilo lilipandishwa hadhi na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, yenye kilometa za mraba 3,865, chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Ndani ya hifadhi ya taifa mwananchi haingii na nyavu kutafuta kitoweo au samaki wa kuuza. Hifadhi inatunza chanzo cha maji na wanyama ambao nchi nzima inawahitaji. Lakini kwa familia iliyozoea kwenda huko, mpaka huo umegusa jambo ambalo baba alitarajia kumrithisha mwanawe.

Swali la mtoto

Hapo ndipo maandalizi ya kwanza yanapoanza, na hayahusu ndoano. Mtoto aliyekua akisikia hadithi za dago atauliza tu: “Babu, mbona hatuendi kule kule ulikokuwa unakwenda?”

Majibu ni ya aina mbili. Kuna mzee anayeeleza kwamba sheria imebadilika, pale sasa ni hifadhi, wao watavua mahali panaporuhusiwa. Na kuna anayekonyeza jicho na kusema, “Tutapita kwa nyuma, askari hawafiki.” Jibu la pili huonekana la kishujaa mbele ya mjukuu, hasa likitoka kwa mtu anayeijua kila njia ya msituni. Lakini anayekamatwa ndani ya hifadhi hupoteza vyombo vyake na hufikishwa mahakamani. Tena, anayeingia kwa kujificha hawezi kupiga kelele za kuomba msaada mamba akitokea, wala hakuna aliyebaki nyumbani anayejua hasa alipo. Kumweka mtoto katika hali hiyo kwa ajili ya kambale wachache ni gharama kubwa mno.

Sehemu za kuvua kihalali bado zipo. Mto Wala unapita katika vijiji kabla ya kufika maeneo ya hifadhi. Kaskazini mwa mji kuna Bwawa la Igombe, ambalo kwa miaka mingi ndilo lililowapa maji wakazi wa Tabora. Jambo la lazima ni kumwona ofisa uvuvi wa halmashauri na viongozi wa kijiji kabla ya kufunga mizigo: wapi panaruhusiwa, leseni gani inatakiwa, zana zipi hazikubaliki. Mzazi akienda na mtoto ofisini siku hiyo, mtoto atajua kwamba uvuvi una utaratibu wake, kama ilivyo kwa shamba.

Mji uliozoea kufunga mizigo

Tabora ni mji unaojua kuandaa safari. Katika karne ya 19, misafara kutoka Bagamoyo ilifika hapa, Unyanyembe, baada ya mwendo wa miezi mitatu hivi, mara nyingine zaidi. Hapa njia ziligawanyika: moja ilielekea magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Pagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu yake mkeka, chungu na posho yake mwenyewe. Wengi waliondoka baada ya mavuno na kupanga kurejea mvua zikikaribia, wawahi kulima. Ni kalenda ile ile anayoifuata mvuvi wa leo.

Kwihara, nje kidogo ya mji, kuna tembe ambalo sasa ni makumbusho. Henry Morton Stanley na David Livingstone walifika hapo Februari 1872 wakitoka Ujiji. Stanley aliondoka Machi kwenda pwani ili atume watu na vifaa. Livingstone alisubiri hadi Agosti 25 ndipo akaanza safari ambayo ikawa ya mwisho katika maisha yake. Karibu miezi mitano na nusu alikaa kungoja, kwa sababu bila wapagazi na vifaa asingefika popote.

Stanley mwenyewe aliacha fundisho jingine. Mwaka uliotangulia, akielekea Ujiji kwa njia ya kusini ili kukwepa vita vya Mirambo, alipiga kambi kando ya maji aliyoyaita Gombe. Palikuwa pazuri, maji yametulia, joto kali. Aliandika kwamba alikuwa amejiandaa kabisa kujitosa kuogelea, ndipo mamba alipoibuka mbele yake. Tangu hapo watu wengi wamedanganywa na dimbwi lililotulia, na si wote waliopata bahati yake.

Kufunga mizigo

Vyombo vya uvuvi wa familia ni vichache: ufito mrefu uliokauka vizuri, mshipi, chubwi la kuuzamisha, boya dogo na ndoano za ukubwa tofauti. Kazi ya kuhesabu ndoano na kuzichomeka kwenye kipande cha gome au mpira wa kandambili inamfaa mtoto. Akizihesabu wakati wa kuondoka na kuzihesabu tena wakati wa kurudi, hakuna itakayobaki kwenye nyasi ikingoja mguu wa mtu.

Chambo hakinunuliwi. Minyoo huchimbwa penye unyevu nyuma ya bafu au chini ya migomba, na huwekwa kwenye kopo lenye udongo, juu limetobolewa. Kambale hupenda kitu chenye harufu, kama utumbo wa kuku. Perege hukubali minyoo au hata kidonge cha ugali.

Chakula cha njiani huku kinajulikana. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa, hukaa muda mrefu na humshibisha mtoto bila kuwasha moto. Karanga za kukaanga, unga wa ugali na chumvi hukamilisha mfuko. Maji ya kunywa hubebwa kutoka nyumbani. Ya dimbwini, hata yakionekana maangavu, yachemshwe kwanza.

Mbung'o wanaambukiza malale na bado wako kwenye miombo. Hufuata kitu kinachotembea na huvutiwa na rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo shati la mikono mirefu la rangi ya kaki ni bora kuliko sare ya michezo ya bluu. Mtoto akipata homa au maumivu makali ya kichwa siku au wiki kadhaa baada ya safari, apelekwe kituo cha afya na mganga aambiwe kwamba alikuwa porini. Kama mtalala huko, chandarua kisiachwe. Na kwa sababu ya kichocho, kinachotokana na konokono wa maji yaliyotuama, watoto wavue wakiwa nchi kavu, wasisimame ndani ya maji.

Ukingoni

Mtoto asiende kwenye maji peke yake, hata kunawa mikono. Maji huchotwa na mtu mzima kwa ndoo yenye kamba, akisimama mbali na ukingo. Samaki hawasafishwi ukingoni, kwa kuwa damu na matumbo humwita mamba. Kukaa sehemu ile ile kila siku, saa ile ile, nako ni hatari, maana mamba huvizia na huzoea mazoea ya watu.

Kiboko ana njia yake. Jioni hutoka majini kwenda kula nyasi na huacha mfereji uliokanyagika. Kambi haipigwi kwenye njia hiyo, na mtu hasimami kati ya kiboko na maji. Kufika jua likiwa juu na kuondoka ukingoni kabla ya magharibi huepusha mengi. Nyumbani nako lazima abaki mtu anayejua kundi limekwenda wapi na litarudi lini.

Samaki wa kuacha

Safari hii pia humfundisha mtoto kuacha. Perege jike hutunza mayai na vifaranga mdomoni. Ukimtoa ndoanoni ukaona vitu vidogo vinamtoka kinywani, huyo hurudishwa majini taratibu. Wadogo nao hurudishwa. Zamani palikuwa na waliotwanga utupa na kuumwaga majini ili samaki waelee. Sumu huua wakubwa na wadogo pamoja, na dimbwi la kiangazi halina mahali pengine pa kupata samaki hadi mto ufurike tena. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu na baruti, na watoto wanaelewa sababu haraka wakioneshwa dimbwi lenyewe.

Maji haya yana safari ndefu. Mwaka 2024, nchi zinazozunguka Ziwa Tanganyika zilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na wauza dagaa na migebuka wa Tabora waliona tofauti kwenye meza zao. Samaki wa dukani na samaki wa dimbwini wana shida moja: wakivuliwa bila kupumzishwa, huisha.

Wanaorudi na kambale sita wamerudi na vya kutosha. Wawili huenda kwa bibi na jirani, waliobaki hubanikwa kwa moshi taratibu, kisha hupikwa kwa karanga. Mtoto aliyevua mmoja kati yao atasimulia shuleni mwezi mzima.

Novemba mvua za kwanza zikinyesha, madimbwi huungana tena. Kambale huacha vina, hupanda hadi kwenye nyasi zilizofunikwa na maji na kutaga mayai huko. Huo ndio wakati wao wa kusafiri, na wakati wa mvuvi kukaa nyumbani. Ndoano hupakwa mafuta kidogo zisishike kutu, mshipi huzungushwa kwenye kijiti, na jembe hushushwa.