Baraka: Kurudi Ziwani Baada ya Miaka Mingi

Msafiri atokaye Uvira kwenda kusini hufuata barabara ya kando ya Ziwa Tanganyika yapata kilomita 90, milima ikiwa mkono wa kuume na maji mkono wa kushoto, hata afike Baraka. Mbele ya mji pana ghuba iitwayo kwa jina la Richard Burton, Mwingereza aliyefika ziwani mwaka 1858 pamoja na mwenzake John Speke. Ng'ambo yake, upande wa mashariki, yaonekana rasi ndefu ya Ubwari. Rasi hiyo yaikinga ghuba na pepo za kusini-mashariki zivumazo kwa nguvu tangu Mei hata Septemba. Ndiyo maana asubuhi nyingi maji hutulia hapa hali ziwa la nje lachafuka.

Baraka ni mji uliojua machozi. Tarehe 28 Novemba 1964 Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin waliuawa hapa, na siku ile ile Padri Giovanni Didoné na Padri Albert Joubert waliuawa Fizi. Kanisa limewatangaza wenye heri huko Uvira, tarehe 18 Agosti 2024. Tena mwaka 1996 vita iliwafukuza watu wengi wa Fizi, wakavuka ziwa hata Kigoma, na wengi wao wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, mbali na maji. Tangu mwaka 2005 maelfu walirudishwa kwa meli, wakashukia Baraka.

Basi, katika hao waliorudi walikuwamo waliokimbia wakiwa watoto, wakijua kuogelea kama samaki, nao wakarejea watu wazima. Sisi walimu hatukukaa kambini, lakini seminari na shule za milimani zilitutenga na ziwa, kisha ubao na meza vikatukalisha. Njia zetu zilikuwa mbalimbali, udhaifu wetu ni mmoja: viungo vizito na pumzi fupi. Kwa hiyo tukakubaliana, wachache wetu, kuogelea tena kwa ajili ya afya.

Hapo yatupasa kuwaonya wasomaji wetu jambo moja. Mkono hausahau, lakini pumzi husahau. Mtu aliyejua kuogelea utotoni, akiingia majini baada ya miaka 20, huelea mara moja, na miguu hupiga maji yenyewe. Hapo moyo wake hufurahi, akaelekea kilindini kama alivyozoea alipokuwa kijana. Kwenda huenda vema. Kurudi ndiko kunakomshinda, maana mapafu na misuli havina tena nguvu za zamani. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, nalo ni la pili duniani kwa kina, baada ya Baikal. Lakini aliyeishiwa pumzi hahitaji mita hizo zote. Mita tatu zatosha kumpoteza.

Katika miji mikubwa watu huogelea ndani ya mabwawa, wakienda na kurudi kati ya kuta mbili, mita 25 au 50. Sisi hatuna bwawa, ila twaweza kuifuata desturi hiyo. Tulichagua ufuko wa mchanga, tukasimika miti miwili nchi kavu, mita 25 kati yake. Twaogelea sambamba na ufuko, wala si kuelekea nje, tena mahali ambapo maji yafika kifuani. Achokaye husimama tu. Juma la kwanza tuliogelea safari nne, tukipumzika kila baada ya safari moja. Kila juma tukaongeza moja. Kwa kuhesabu, mlinzi wetu aliyebaki pwani husogeza kijiwe kimoja kwa kila safari, wala haondoi macho yake majini.

Juu ya pumzi, kanuni ni hii: uso ukiwa majini, toa hewa polepole kwa pua na kinywa; kisha geuza kichwa kando, uvute hewa. Azuiaye pumzi huchoka upesi kuliko mikono yake. Akizidiwa, alale chali na kuelea, mpaka moyo utulie.

Kabla ya kuingia, waulizeni wavuvi, maana wao hujua mamba na viboko wameonekana wapi. Epukeni midomo ya mito na penye matete. Maji yaliyotulia penye majani hukaa konokono wa kichocho; wadudu watokao kwao hupenya ngozi, hasa jua likiwa kali. Aingiaye ziwani mara kwa mara apimwe hospitalini, naye atapewa dawa ya prazikwanteli akiwa na ugonjwa huo. Msimeze maji, kwa sababu kipindupindu kimeshika sana pande hizi. Tena mwaka 2024 ziwa lilipanda likafunika nyumba za pwani. Palipofunikwa pana vyoo, misumari na mabati. Naye mwenye ugonjwa wa moyo aonane kwanza na daktari.

Huenda wengine watasema kwamba mchezo huu ni wa watoto. Twawajibu kwamba Mtume Petro, mvuvi mtu mzima, aliposikia kwamba aliye pwani ni Bwana, alijitupa ziwani asingoje mashua; nao walikuwa mbali na nchi kavu yapata dhiraa 200, ndiyo kama mita 90. Safari zetu nne za juma la kwanza zapita kidogo umbali huo. Mtume Paulo naye atufundisha kuwa mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Hekalu lililoachwa miaka mingi halitengenezwi kwa siku moja. Mwashi huanza kwa jiwe moja.

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka, na kwetu neno hilo lina maana mbili. Baba wa watoto watano asitafute ziwani sifa za ujana wake. Apate pumzi ya kutosha kupanda mlima hadi shambani, kuimba Misa yote bila kukohoa, na kurudi nyumbani salama kwa wanaomngoja.