Konda, Mtoto Anachimba Dawa

Mama yake alihamishiwa kikazi Bunda mwezi uleule binti yetu alipoanza kukataa pampasi. Sisi wawili tulibaki Musoma. Kila Ijumaa jioni tunapanda haisi kumfuata, na Jumapili nyingine tukirudi tunapitia Butiama kwa mama yangu. Binti ana miaka miwili na miezi minane. Nyumbani akisema "baba, kojo," poti iko hatua nne. Ndani ya gari nina dakika mbili hivi.

Jirani alinishauri nimvalishe pampasi siku za safari tu. Ni ushauri mzuri kwa kiti cha gari. Mtoto wa umri huo hajui kwamba Ijumaa ina sheria zake.

Kwa hiyo tunasafiri na kanga ya kutandika, chupi tatu na kopo la plastiki lenye mfuniko, maana tangu rambo zipigwe marufuku Juni 2019 nguo zilizolowa hazina pa kufungwa. Maji simnyimi, jua la huku si la kumnyima mtoto maji. Tunakaa karibu na mlango, na kabla gari halijaondoka namwambia konda kwamba huenda tukachimba dawa njiani. Hilo halihitaji maelezo. Sote tunajua mtu akiingia kichakani hatafuti mizizi.

Safari moja, kabla ya Kiabakari, alisema kojo. "Vumilieni kidogo, kaka, tunafika," konda akajibu. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akapaza sauti: "We dereva, mtoto haambiwi vumilia! Simama!"

Tulisimama. Nikachuchumaa kando ya lami, nikamshika mapaja, nikatoa ule mlio: suuu. Hakikutoka kitu. "Baba, wananiangalia," akasema. Kweli, gari zima lilikuwa dirishani. Yule mama akashuka, akafungua kanga yake, akaishika kama ukuta. Ndipo kikatoka.

Mlio ule niliusikia kwa mama yangu akiwalea wadogo zangu. Mwaka 1977 watafiti wawili, Marten na Rachel deVries, waliandika kuhusu Wadigo wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao walianza kumzoesha mtoto akiwa na wiki chache tu, na kufikia miezi mitano au sita akawa mkavu usiku na mchana. Naamini. Ila mtoto wa namna hiyo yuko mwilini mwa mama yake mchana kutwa. Wangu yuko haisini na baba, na mbele yetu kuna abiria anatazama saa.

Stendi ndiyo ngumu zaidi. Choo cha wanaume sipendi aingie. Cha wanawake siwezi kuingia mimi. Huwa namwomba mama muuza machungwa ninayemfahamu ampeleke, nami nasimama nje nikimwita jina, naye anaitika, mpaka watoke.

Yote haya ni kwa sababu ya Ijumaa moja aliyofika Bunda amelowa. Mama yake alichuchumaa, akafungua mikono. Binti akajificha nyuma ya miguu yangu, akakataa kubebwa hadi nilipombadilisha nguo. Wana usiku mbili tu kwa wiki.

Juzi hakuniambia mimi. Alimvuta konda suruali, akasema, "Kojo." Konda akagonga bati.